Mtalii wa Jikoni

Afisa wa uhamiaji alikuwa kijana mwenye kucha safi, na alizifunua kurasa za pasipoti ya Matroni kama mtu anayepekua mifuko ya koti lisilo lake. Alipofika mwisho alirudi mwanzo. Mihuri ilikuwa imebanana: kuingia, kutoka, kuingia, kutoka, kila mara kwa viza ile ile ya utalii, na kila mara alitoka siku zake zikiwa zimekaribia kwisha. Nyuma yake foleni ilianza kukohoa.

"Safari hii umekuja kufanya nini, mama?"

"Kutembea tu," alisema Matroni. "Kumsalimia binti yangu na wajukuu."

Ndivyo alivyofundishwa. Bintiye, ambaye nyumbani walimwita Meneja tangu utotoni kwa jinsi alivyopenda kuwapangia watu wazima nani akae kiti gani, alikuwa amemkaririsha kwenye simu wiki nzima. Usiseme unalea. Usiseme unapika. Usijibu usichoulizwa. Wakitaka kujua utakaa muda gani, sema wiki chache, usitaje miezi. Matroni alikwisha kuyasema maneno hayo mbele ya maafisa wengi, nao wote waligonga muhuri huku macho yao yakiwa kwa mtu anayefuata. Huyu hakugonga. Alitaka kujua, kwa kuwa mama ni mtalii wa muda mrefu namna hii, ni sehemu zipi za mji amewahi kuzitembelea.

Matroni alijaribu kukumbuka. Alilijua geti la shule ya chekechea na ile kufuli yake inayogoma kufunguka. Aliijua kliniki ya watoto, duka la pembeni, na ngazi za jengo alizozipanda na Bonge, mjukuu wake mdogo, begani kila lifti ilipoharibika.

"Nimeuona mto," alisema hatimaye.

Afisa akauliza mto upi, unaitwaje. Matroni hakujua unaitwaje. Aliuona kwenye dirisha la gari siku ya kwanza kabisa alipofika nchi ile, na hakuuona tena.

Kijana aliifunga pasipoti, lakini hakumrudishia. Alimwomba asogee pembeni, kwa sauti ya upole ambayo ilimtia Matroni hofu kuliko kama angefokewa.

*

Chumba walichompeleka kilikuwa na viti vya bati vilivyokazwa sakafuni na mashine ya maji isiyo na vikombe. Watu wengine walikuwa wameketi humo, kila mmoja amekumbatia begi lake la mkononi, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Mtu akiitwa, wengine waliinua macho kumsindikiza hadi mlangoni, halafu wakayashusha. Katika chumba kile kila mtu alimdhania jirani yake kuwa ndiye mwenye kosa la kweli, na kwamba yeye yumo kwa bahati mbaya tu.

Matroni alipobanwa na haja ndogo ilimbidi aombe ruhusa. Askari msichana, mdogo kuliko Meneja, alimsindikiza hadi chooni, akasimama kwenye kizingiti na mguu wake mmoja ukiuzuia mlango usijifunge. Matroni alikuwa msimamizi wa bweni la wasichana maisha yake yote ya kazi. Funguo za vyoo zilining'inia kiunoni mwake. Aliketi pale amejiinamia, mkojo hautoki, na askari akamhimiza kwa adabu kwamba afanye haraka.

Aliporudi kwenye kiti chake, askari yule yule alimletea glasi ya maji. Yeye peke yake. Wengine waliitazama ile glasi, na bwana mmoja mwenye ndevu aliuliza kama na yeye anaweza kupata. Aliambiwa asubiri. Matroni aliyanywa maji kwa aibu, akijiuliza amekuwa nani hata apendelewe.

Muda si muda akaitwa. Aliyemhoji safari hii alikuwa mwanamke wa makamo, miwani ameipandisha juu ya nywele. Sanduku la Matroni lilikuwa tayari mezani, na kamba ambayo mumewe alilifungia ilikuwa imekunjwa vizuri kando yake. Afisa wa miwani alimwambia afungue mwenyewe.

Matroni alikuwa amepekua masanduku ya wasichana tangu wakati afisa huyu anasoma darasa la kwanza, na aliwajua wapekuzi. Yupo anayebahatisha, huyo huanza juu, akatoa gauni, akatoa sweta, akanusa sabuni. Na yupo aliyedokezwa. Huyo hahangaiki na vya juu. Afisa wa miwani aliupitisha mkono ubavuni mwa nguo, moja kwa moja hadi chini upande wa kushoto, akauchomoa mfuko wa nailoni. Hakugusa kingine. Akavipanga vilivyomo mezani kimoja kimoja: aproni mbili, kandambili za kuvalia ndani, glavu za mpira za kuoshea vyombo.

"Mtalii gani anasafiri na aproni mbili?"

"Moja ikilowa navaa nyingine," alijibu Matroni, na hapo hapo akatamani aumeze ulimi wake.

Afisa hakucheka. Alimwomba afungue simu, akashusha miwani, akaanza kusoma kwa sauti jumbe za Meneja. Kulikuwa na mmoja ambao Matroni alipoupata nyumbani alifurahi hata akamwonyesha jirani. Afisa aliusoma bila kupandisha wala kushusha sauti: "Mama, dada wa kazi nimeshamwachisha maana wewe upo. Jumatatu naingia zamu ya asubuhi. Usichelewe ndege."

Nyumbani Matroni aliyasoma maneno hayo akaona *wewe upo* tu, akajisikia ni mtu. Sasa, katika kinywa cha mgeni, alisikia mengine yote. Alimsikia mwenye nyumba akimwagiza mtumishi.

Maswali yakafuatana. Analipwa? Matroni aliguna, akauliza nani atalipwa na mwanawe. Akaambiwa ajibu ndiyo au hapana, akasema hapana. Huamka saa ngapi? Kabla ya watoto. Ana siku ya kupumzika? Alifikiri, akasema siku watoto wakilala mapema. Basi huwa anatoka kwenda wapi peke yake?

"Sitoki," alisema Matroni. Hapa alijiamini, maana aliona anaonyesha jinsi anavyotii sheria. "Najua kwamba mwenye viza kama yangu akikutwa mtaani bila mwenyeji wake anakamatwa. Kwa hiyo naishia shuleni na kliniki, basi."

Afisa alivua miwani kabisa.

"Nani alikuambia hivyo?"

Matroni alizitazama aproni zake mezani.

"Mama, viza hii ni ya kutembea. Ningekugongea muhuri sasa hivi, ungeweza kuzunguka nchi nzima hadi siku zako ziishe, na hakuna askari ambaye angekuuliza kitu. Hatuna sheria ya kumfungia mtalii ndani."

Matroni aliyakumbuka madirisha ya ghorofa ile, na jinsi Jumapili moja aliposikia muziki bustanini chini alivyomsihi Meneja washuke wote, na Meneja akamjibu akiwa amempa mgongo, *Mama, unataka tuonekane?* Alifikiri zaidi sana juu ya ule mgongo.

*

Afisa wa miwani alimpigia Meneja, akaweka simu kwenye spika, na kwa kidole akamwonya Matroni asiseme kitu.

Meneja alipokea haraka. Sauti yake ilikuwa changamfu, ile ya kazini, aliyoitumia kwenye nyumba ya kutunzia wazee alikokuwa msimamizi wa zamu. Alieleza kwamba mama yake amekuja kupumzika. Watoto? Watoto wana dada wao wa kazi, yuko nao nyumbani hivi sasa. Mama ana tatizo la mgongo, hata sufuria kuinua ni shida, atafanya kazi gani jamani. Maneno yalitiririka bila kukwama hata mahali pamoja. Matroni, ambaye alikuwa amembeba Bonge ngazi hadi ngazi mpaka mapigo ya moyo yakamfika masikioni, alimsikiliza bintiye akidanganya, na kilichomsumbua si uongo wenyewe. Ni kwamba sauti ilikuwa ile ile. Ndiyo iliyomwambia habari za polisi wanaokamata watu mitaani.

Afisa alisema vizuri, naomba nizungumze na huyo dada wa kazi.

Kabla Meneja hajajibu, karibu kabisa na simu ikasikika sauti ya mtoto: "Mama, Bibi ametoka?"

Alikuwa ni Mdadisi, mjukuu mkubwa. Hakuwa nyumbani na dada wa kazi. Alikuwa upande wa pili wa ukuta, ukumbi wa kupokelea wageni, na bila shaka alikuwa amevaa viatu vyake vyekundu kwa ajili ya bibi yake.

Uamuzi haukuchukua muda. Muhuri waliougonga ulikuwa tofauti na ile mingine, una mstari umekatiza katikati, na Matroni akaambiwa kwamba kwa miaka kadhaa asihangaike kuomba viza tena. Angerudishwa na ndege ile ile iliyomleta. Alipouliza kama anaweza kuwaona watoto hata kwa kioo, aliambiwa utaratibu hauruhusu, ila anaweza kuzungumza na bintiye kwa simu kidogo.

Meneja hakuwa tena na sauti ya kazini. Alihema, akatukana, akasema anamjua aliyefanya hivi. Ni yule dada wa kazi, alipomwachisha Ijumaa alitoka akibamiza mlango na kusema Meneja ataona. "Na yeye hana karatasi hata moja, Mama. Nitamwonyesha." Kisha sauti ikamvunjika. "Sasa Jumatatu watoto nitamwachia nani?"

Matroni alisubiri aulizwe yeye amekula nini, au ndege itaondoka saa ngapi. Hakuulizwa. Basi akamweleza mahali alipoiweka mara ya mwisho ile dawa ya Mdadisi ya kuvuta, kifua kikimbana, na kwamba asimlaze chali, amkalishe na kumsimulia kitu mpaka pumzi irudi. Kisha akauliza.

"Kwa nini uliniambia polisi watanikamata nikitoka?"

"Mama, hapo si mahali pa kuongelea hayo."

"Ni wapi basi?"

Meneja alisema tu kwamba Baba asiambiwe chochote kwa sasa, atapata presha bure. Atatafuta wakili, mambo yarekebishwe kwanza. Matroni akakubali. Alizoea kumkubalia.

Alipokuwa akifunga sanduku, alimuuliza afisa wa miwani, taratibu, kama mtu anayeuliza njia, ni nani aliyewapigia simu. Alijua kuna aliyepiga. Afisa alisema hilo haliwezekani kusemwa. Lakini alikuwa amechoka, na labda alikuwa na mama yake mahali, maana alipomrudishia simu aliongeza:

"Hakukutakia mabaya. Alisema una presha, tusikukalishe muda mrefu bila maji."

*

Walimkalisha kiti cha nyuma kabisa, na pasipoti yake akakabidhiwa mhudumu wa ndege ndani ya bahasha, kana kwamba yeye mwenyewe ni kifurushi. Abiria wa pembeni aliiona ile bahasha ikipita, akausogeza mkoba wake upande wa pili wa miguu.

Matroni alitamani sana awe ni dada wa kazi. Binti yule alikuwa na kila sababu. Aliijua nyumba, alijua siku, alikuwa na hasira. Aliirudia hesabu hiyo kichwani mara nyingi, na kila mara ilikataa mahali pale pale. Dada wa kazi hakuliona sanduku likipangwa. Angeweza kubahatisha kwamba kuna aproni, lakini si upande wa kushoto, chini, kwenye nailoni. Na presha? Vidonge vya presha alianza kumeza mwezi uliopita tu. Meneja mwenyewe hakujua. Matroni alimficha, akihofia atamwona mzee na kuajiri mtu mwingine.

Aliyekuwepo alipopewa vidonge vile ni mmoja. Aliyeketi ukingoni mwa kitanda akimkabidhi nguo moja moja wakati wa kupanga sanduku ni huyo huyo. Akalifunga kwa kamba, akaikaza ncha ya kamba kwa meno, akasema, sasa halifunguki hata kwa tetemeko.

Matroni aliliondoa wazo hilo, akaomba maji, akakumbuka maji ya kule chumbani, akairudisha glasi bila kunywa. Alijiambia kwamba mtu hawezi kumshuku mumewe kwa ajili ya glasi ya maji. Alijiambia kwamba akifika atapanda gari, atabisha hodi, naye Fundi, mumewe, atatoka ameshika bisibisi, ametoa macho kwa mshangao, na hapo ataujua uso wa asiyejua kitu.

Ndege ilitua jua likiwa bado lina nguvu. Hakuna aliyepewa habari. Meneja hakupiga nyumbani, na Matroni alikuwa amezima simu. Alitoka akikokota sanduku, na mtu wa kwanza kumwona nje ya kizuizi alikuwa mumewe.

Alikuwa ameketi kwenye benchi la zege, mguu wake mbovu ameunyoosha mbele. Shati lilikuwa lile lile alilovaa alfajiri alipomsindikiza, na sasa limekunjamana mgongoni lote. Hakuwa amerudi nyumbani. Alikuwa pale tangu asubuhi.

Alisimama kwa shida. "Ah," alisema. "Mama. Mbona umerudi?"

"Na wewe mbona upo?"

"Nilikuja kumwona mtu."

"Umemwona?"

Fundi alilipokea sanduku, akaanza kulichunguza magurudumu yake kana kwamba yana hitilafu. Maisha yao yote ya ndoa hakuwahi kujua kudanganya. Hata wateja waliomletea redio zilizokufa aliwaambia zimekufa, wakaenda kwa mafundi waliojua kuwapa moyo. Matroni alimtazama kisogo chake, na moyo ukamtulia kwa namna mbaya, kama mtu aliyekuwa akisubiri majibu ya hospitali na sasa amesomewa.

Hakumuuliza lolote ndani ya gari. Dereva alikuwa mtu wa mtaani kwao, na masikio yake yalijulikana.

*

Nyumba ilikuwa kama alivyoiacha. Kikombe alichokunywa chai nusu alfajiri kilikuwa bado mezani, kimeingia sisimizi. Alikiosha. Akameza kidonge chake. Kisha akaenda barazani kwenye meza ya kazi ya Fundi, akasogeza redio iliyofumuliwa, akaketi kwenye kiti cha wateja.

"Ulipiga lini?" aliuliza.

Fundi hakujifanya hamnazo. Alishusha pumzi. Alisema alipiga juzi, kwa ile namba iliyoandikwa kwenye tangazo la ubalozi. Mara ya kwanza alikata walipopokea. Mara ya pili akaongea.

"Ukawaambia nini?"

"Ukweli. Kwamba mke wangu haji kwenu kutembea, anakuja kufanya kazi. Kwamba wakitaka ushahidi wafungue sanduku. Sikusema uongo hata neno moja, na nikawaambia wakutendee vizuri."

"Walinitendea vizuri," alisema Matroni. "Walinipa maji. Na nilipotaka kujisaidia walinipa msichana wa kunishikia mlango usijifunge. Nimekaa chooni mbele ya mtoto wa watu, Fundi, nikiangaliwa kama mwizi."

Fundi aliweka viganja usoni. Hilo hakuwa amelifikiria. Katika mawazo yake kulikuwa na dirisha, afisa anatikisa kichwa, mke anageuka na kurudi. Alivyoona yeye, ilikuwa kama mtu kukosa basi.

Alipoanza kusema, alisema akiitazama meza. Matroni alipoondoka safari iliyopita, alianguka bafuni. Mguu ulimteleza tu. Alilala kwenye sakafu iliyolowa tangu asubuhi mpaka mteja mmoja alipokuja kufuata redio yake na kumsikia akigonga. Hakumwambia, kwa sababu angeonekana anamvuta. Alikuwa anakula amesimama, sahani juu ya friji, maana meza ya mtu mmoja ilimkera. Na Meneja hata siku moja hajawahi kumuuliza kama anaweza kumchukua mama yake. Anapiga simu, anataja tarehe, anafunga.

"Anakuchukua kama mtu anayeazima ngazi ya jirani," alisema. "Na ngazi ikichakaa atairudisha."

"Ungeniambia nibaki."

"Nilikuuliza kama ni lazima uende."

"Hilo si kuniambia nibaki. Hilo ni swali, na nilikujibu." Matroni alihisi sauti yake inapanda, akaishusha, kwa ajili ya majirani. "Kuna mtoto kule anabanwa kifua. Akizidiwa ananitaka mimi. Ulimfikiria? Meneja alinifungia ndani kwa uongo, akaniambia nikitoka nitakamatwa, nami nikaamini kama mjinga. Wewe umenifungia ndani kwa ukweli wako. Mimi tofauti siioni. Hakuna kati yenu aliyeniuliza."

Fundi alichukua bisibisi, akaiweka. Ilikuwa mara ya kwanza anasikia habari ya kufungiwa, na ilionekana inamwingia polepole. Alitaka kukasirika kwa niaba ya mkewe, kisha akagundua hana tena nafasi hiyo.

Ndipo Matroni akawasha simu, nayo ikaita papo hapo.

Meneja alizungumza haraka, bila salamu. Wakili amesema kazi itakuwa ngumu. Lakini yule dada wa kazi hatapona. Amepata anwani ya chumba anacholala, na kesho asubuhi anampeleka kwa hao hao uhamiaji. Si anajua kuchoma watu, basi achomwe na yeye. Mshahara wake wa mwisho hampi ng'o. Matroni alijaribu kuingiza neno, Meneja akalipita juu kwa juu. Alikuwa ameshapanga.

Matroni alimkumbuka dada yule, mara chache walizopishana mlangoni, mmoja akiingia mwingine akitoka. Walivaa kandambili za aina moja. Aliitia simu kwenye spika, akaisogeza mezani katikati ya nyaya na skrubu, mpaka ikagusa mkono wa mumewe.

"Baba yako ana neno," alisema.

Fundi alimtazama kwa macho ya kuomba. Alikuwa mzee mwenye shati lililokunjamana, hajala tangu alfajiri, na Matroni alimhurumia kweli. Huruma hiyo hakuificha, lakini hakunyoosha mkono kumsaidia.

"Mwache huyo binti," alisema Fundi. Alikohoa. "Hakufanya kitu. Mlipe haki yake. Aliyepiga simu ni mimi."

Meneja hakufoka kama walivyotarajia. Aliuliza tu, kwa sauti ndogo ambayo Matroni hakuwa ameisikia tangu bintiye alipokuwa mwanafunzi, kama Mama anajua. Matroni akasema yupo hapa, anasikia. Akamwambia amtafute yule dada kesho, si kwa uhamiaji, bali amwombe radhi, na kama atakubali kurudi, amlipe kama mtu. Habari za polisi wa mitaani watazizungumza siku nyingine, akiwa tayari kuzieleza vizuri. Meneja alisema ndiyo, Mama. Alikuwa analia, au alikuwa anaosha vyombo. Kwenye simu haikujulikana.

Halafu kukawa na mkwaruzo, na pumzi ya mtoto yenye filimbi kidogo ndani yake.

"Bibi, tumekusubiri mpaka Bonge akalala chini. Mbona hukutoka?"

Matroni aliisukuma simu tena kuelekea kwa mumewe.

"Bibi yuko nyumbani kwake," alisema Fundi. "Ni Babu hapa. Walimkatalia kuingia."

"Nani aliwaambia wamkatalie?"

Fundi alimgeukia mkewe. Mkewe hakusogea.

"Mimi," alisema.

Mdadisi alilifikiria jibu hilo, akihema. Kisha akauliza kwa nini. Na Matroni, aliyekuwa amekwisha kuinuka kwenda kuinjika sufuria, akakivuta tena kiti, akaketi, maana jibu la swali hilo likielezwa kwa mtoto, alitaka kulisikia na yeye.